Mgomba Uliozikwa Badala Yangu

Siku niliyokubali kumdanganya mke wangu kuhusu jina la nchi, nilikuwa nimekaa kwenye benchi katika ofisi ya ajenti, ghorofani, juu ya bucha moja pale Kamakis. Moshi wa nyama choma ulikuwa ukiingia dirishani, nami sikuwa nimetia kitu tumboni tangu asubuhi. Ajenti alikuwa kijana mwenye shati jeupe na adabu nyingi. Alikitazama cheti changu cha boila, akakirudisha mezani, akasema:

"Mzee, kazi umepata. Lakini huko unakoenda hakusemwi."

"Hakusemwi vipi?"

"Hata mama watoto usimwambie. Ukiulizwa, unaenda Ghuba, hoteli kubwa, kuangalia maji ya moto. Watu wakijua ni wapi, kibali kinafutwa. Si chako peke yako, cha wote."

Ilinipasa kukataa. Simaanishi kuikataa safari. Kiwanda cha nguo cha Thika ambacho niliwasha boila yake tangu ujana kilikuwa kimefungwa, na mtu wa umri wangu mwenye elimu ya kidato cha nne hakuwa na milango mingi ya kubisha. Ilinipasa kuukataa uongo. Ningemwambia yule kijana kwamba kazi nisiyoweza kumtajia mke wangu sina haja nayo, halafu nishuke zile ngazi nikanunue chai. Badala yake nilisema, "Sawa."

Jioni mke wangu alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. Tulikaa Theta, kwenye ploti ndogo niliyoinunua baada ya kaka zangu kugawana shamba la baba kule magharibi likawa halitoshi hata kwa kuku. Nyumba ilikuwa ya mabati, vyumba viwili, ua wa miiba kuizunguka. Nilipoinunua niliwaambia watu wetu waziwazi: hapa ndipo kwangu, na nikifa nizikwe hapa. Walicheka, lakini walisikia.

"Ghuba ni kubwa," mke wangu alisema. "Nchi gani?"

"Hukohuko Ghuba."

"Baba ya mtoto, nimeuliza nchi gani."

Nikataja nchi ambayo kijana mmoja wa jirani alikuwa amekwenda kufanya kazi. Ndilo jina lililonijia haraka. Mke wangu alilirudia polepole, kama mtu anayeweka kitu mahali atakapokipata, akaendelea na maharagwe yake.

Nchi niliyokwenda sitaiandika hapa. Tangu nirudi nimeitaja kwa sauti mara moja tu, na nitaeleza ni kwa nani.

Tulikwenda kwa ndege, kisha kwa treni, mwishowe kwa basi lililopakwa rangi kwenye vioo. Lilipotushusha tulikuwa mbele ya nyua mbili za waya. Kati ya ua na ua palikuwa na ukanda wa mchanga uliopigwa reki ukawa laini kama unga. Niliuliza ni wa nini. Mlinzi alivionyesha viatu vyangu, akauonyesha mchanga, akatikisa kidole. Nikaelewa kwamba hapo hata paka hapiti bila kujulikana. Tulikabidhi simu zetu. Yangu niliiona ikitiwa kwenye mfuko wa kaki, na sikuiona tena mpaka siku ya kutoka.

Nilikuwa nimetarajia kambi. Nilikuta mji mzuri kuliko wowote niliowahi kukaa. Barabara pana, miti kwa mistari, maua mbele ya kila jengo, maduka yamejaa vitu, watoto wanacheza nje bila mtu wa kuwaangalia. Watu hawakufunga milango kwa kufuli. Mwizi angetoka wapi, na mgeni haingii? Lakini hapakuwa na kibao hata kimoja chenye jina la mji ule, na ramani niliyoiona ukutani kwenye kituo cha treni ilionyesha msitu mtupu mahali tulipo. Wenyeji waliuita Ndani. Kila mahali pengine duniani, pamoja na Thika yangu, palikuwa Nje.

Sisi watu wa Thika tunajua kiwanda kwa pua. Upande huu unanusa nanasi, upande ule kahawa, ukienda mbele kidogo ngozi mbichi inakupiga usoni. Na asubuhi malori yanatoka getini yameandikwa ubavuni yamebeba nini. Kule Ndani hapakuwa na harufu. Watu wengi sana waliingia kazini na kutoka, na sikuwahi kuona lori likitoka na bidhaa. Hakuna aliyenieleza, lakini mtu hawezi kufua nguo za watu kwa muda mrefu asijue wanafanya nini. Nilikuwa nikifua nguo za watu wanaotengeneza moyo wa yale mabomu makubwa, ambayo moja linatosha kuangamiza mji mzima.

Kazi yangu ilikuwa boila ya dobi, nyumba ya kufulia nguo. Ovaroli nyeupe zilipitishwa kwanza kwenye mlango wenye mashine ya kupima miale ya sumu, iliyolia tik, tik, kama kucha juu ya meza. Nguo iliyolia polepole ilifuliwa. Iliyolia kwa haraka ilitiwa kwenye pipa, pipa likajazwa saruji, likachukuliwa kwenda kuzikwa. Mwanzoni nilishangaa kuona nguo nzima, ambayo haijatoboka wala kukatika kifungo, ikizikwa kama maiti. Baadaye nilizoea. Kifuani nilivaa beji ndogo iliyohesabu miale iliyonipata. Mwanamke mmoja alikuja kuichukua kila mwezi, akaenda kuisoma, na akirudi aliniinamishia kichwa. Maana yake, bado uko salama. Namshukuru Mungu kwamba hakuwahi kukitikisa.

Msimamizi wa dobi alikuwa mzee wa rika langu, mzaliwa wa humo humo. Kiingereza chake kilikuwa kibovu sawa na changu, kwa hiyo tulielewana sana.

"Mama yangu anakaa Nje," aliniambia siku moja tukingoja mvuke upande. "Si mbali. Hajawahi kuiona nyumba yangu. Anajua mimi ni fundi wa mabomba."

"Mke wangu anajua niko hotelini."

Alicheka mpaka akakohoa, akanipiga begani. "Basi wewe umeshakuwa mwenyeji!"

Nilicheka pamoja naye. Hilo nikilikumbuka naona aibu. Siku nyingine aliniambia kwamba kiwanda chao ndicho pekee anachokijua ambacho wafanyakazi wake wanamwomba Mungu bidhaa zibaki stoo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezaliwa ndani ya uongo, mimi niliingia kwa miguu yangu.

Kuandika barua hakukuruhusiwa kwetu wageni. Mpango ulikuwa kwamba ajenti wa Kamakis angepeleka salamu na mshahara Theta kila mwezi, na mwanzoni alifanya hivyo. Mkataba ulipokwisha niliomba kutoka. Nikaambiwa kibali cha kutoka kinatafutwa. Kumbe kuingia kule ni rahisi kuliko kutoka, kwa sababu anayeingia hana anachojua. Nikangoja mwaka, na mwaka mwingine, na mwingine, nikiwasha boila, nikijiambia kwamba angalau salamu zinafika.

Hazikuwa zinafika. Yanayofuata niliyajua baadaye. Ofisi ya Kamakis ilifungwa, na mke wangu alipokwenda kuuliza alikuta katika chumba kile kile mnauzwa mitumba. Kisha, katika nchi ile niliyomtajia, bweni la wafanyakazi wa hoteli liliungua. Redio ilisema waliokuwa ndani walitoka Afrika na kwamba miili haitambuliki. Mke wangu alilisikia lile jina alilokuwa ameliweka. Hakuhitaji kuuliza mtu mwingine.

Alingoja bado. Zaidi ya mwaka alingoja. Mwishowe baba yangu mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alikuja kutoka magharibi na wazee wengine akasema mwanamke hawezi kukaa hivyo, si mke, si mjane. Kwa watu wetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukavikwa nguo zake, ukaliliwa na kuzikwa, ili yeye asiendelee kuzurura. Walitoa mgomba kwa jirani, wakaufunga kwenye blanketi langu, wakauzika Theta kwenye ploti yangu, pale pale nilipokuwa nimesema. Mke wangu alitupa gao la kwanza la udongo.

Haya yote sikuyajua pale kibali kilipopatikana hatimaye, nikarudi, nikashuka kwenye boda boda njia panda ya Theta, saa za mchana, na begi moja. Mtu wa kwanza kuniona alikuwa mama jirani, Mkikuyu mmoja mchangamfu ambaye tulikuwa tukigawana maji. Alikuwa na mtungi mkononi. Mtungi ulianguka.

"Ngai! Wewe si ulikufa?"

"Mama, habari ya siku nyingi."

"Usinisalimie! Mimi nilikula wali wa matanga yako! Nilipika mimi mwenyewe!" Alirudi nyuma, akasimama, akanitazama miguu. "Una kivuli," akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba ananipa habari njema.

Binti yangu alitoka aliposikia kelele. Nilimwacha msichana, nikamkuta mwanamke, na mtoto amemshika sketi. Alikuja mpaka getini, akapitisha mkono juu ya miiba, akanishika uso. Alilia, nami nililia. Lakini geti hakulifungua.

"Baba, usiingie."

"Kwa nini?"

"Uko ndani tayari." Aligeuka akanionyesha. Pembeni mwa nyumba kulikuwa na shina la migomba, pana, lenye majani mazito, na mkungu umening'inia. "Ndiyo kaburi lako. Vijana waliong'oa ule mgomba walikuwa wavivu, waliuchukua na mizizi yake bila kuukata, na shimo wakachimba la kufika magotini. Nani angejisumbua kwa mgomba? Ukaota. Mpaka sasa umezaa mara tatu."

"Na ndizi mlifanya nini?"

"Tulikula, baba. Ni tamu sana."

Sikujua nicheke au nikae chini. Nikauliza lile lililokuwa kwenye ulimi tangu uwanja wa ndege. "Mama yako yuko wapi?"

Alikichukua kile kitoto akakibeba kwanza. "Yuko Kamenu, kule Thika. Aliolewa, baba. Alimkataa ndugu yako aliyetaka kumrithi, akakaa, akakaa, halafu akaolewa kanisani. Ni mtu mzuri. Anauza mbao."

Mimi ni Mkristo. Nimebatizwa, nimeimba kwaya. Lakini nilisimama kwenye lile geti na sikuweza kuinua mguu. Kulikuwa na mtoto mle ndani, na watu wetu wanaamini kwamba aliyezikwa akirudi kwenye boma kabla kaburi halijafunguliwa, kaburi litatafuta mwingine wa kulijaza. Unaweza kusema huamini. Jaribu kusema hivyo ukimwangalia mjukuu wako.

Nikakodi chumba Kamakis, nikapata kazi kwenye dobi moja ndogo huko Ruiru wanakofua mashuka ya gesti. Boila yao ilikuwa kichezeo, lakini palinukia sabuni na kila mtu alijua pale panafanywa nini. Kila Jumapili nilikwenda Theta nikakaa kwenye kigoda nje ya ua, binti akakaa ndani, tukazungumza kupitia miiba. Chai alinipa juu ya geti. Kitoto kilinizoea kikaanza kuniita guka, kama watoto wote wa mtaa huo wanavyowaita babu zao.

"Guka, kwani ulifanya nini?" kiliniuliza. "Mbona umefungiwa nje?"

"Baba, ingia tu," binti alisema. "Nyinyi wazee mnaogopa ndizi?"

"Naiogopa hiyo moja tu."

Nilikuwa nimetoka katika mji ambao sikuweza kutoka, nikafika kwenye ploti ambayo siwezi kuingia, na ua wa pili nilikuwa nimeununua mwenyewe, mche kwa mche, sokoni Thika. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: nilale usiku mmoja nyumbani kwangu, niwe mtu aliye hai.

Baba mdogo alikuja na wazee wawili. Binti aliwapangia viti ndani, mimi nikabaki na kigoda changu barabarani. Walijadiliana asubuhi nzima, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo. Mmoja alisema kuku mweupe atatosha. Mwingine akasema kuku ni wa mtu aliyepotea, si wa mtu aliyezikwa. Nilijaribu kusema neno.

"Marehemu anyamaze," baba mdogo alisema bila kugeuka, "tuzungumze habari zake."

Mama jirani, aliyekuwa anasikiliza juu ya ua wake, alicheka mpaka akaingia nyumbani. Mwishowe wazee walikubaliana. Kaburi litafunguliwa, na mkono uliotupa udongo wa kwanza ndio utakaoutoa udongo wa kwanza. Mwingine hafai.

"Mama ni mke wa mtu," binti yangu alisema.

"Tunajua," baba mdogo akajibu. Halafu akaongea na mimi kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nenda kamwombe. Na usimtume mtoto. Nenda wewe."

Ilinichukua wiki kadhaa kupata miguu ya kwenda Kamenu. Mumewe ndiye aliyefungua mlango, mtu mrefu, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Karibu, mzee," akasema, kisha akasimama mlangoni. "Sijui nikukaribishe kama nani."

"Kama mgeni."

Alishusha pumzi. "Mgeni tunaweza."

Mke wangu, niliyekuwa namwita hivyo bado kichwani mwangu, alileta chai. Alinimiminia, akatia sukari vijiko vitatu, akakoroga, kisha mkono wake ukasimama. Hakuwa ameniuliza. Mumewe aliuona ule mkono, akatazama dirishani.

"Ulikuwa wapi, mzee?" mke wangu aliniuliza. Zamani hakuniita mzee.

Nikalitaja jina la nchi. Nikamweleza mji, mchanga uliopigwa reki, nguo zilizozikwa kwenye saruji, na zile bidhaa ambazo hazikutoka getini. Niliapa kule kwamba sitasema. Nilikuwa nimetimiza kiapo kwa watu wasionijua na kukivunja kwa mtu niliyemwoa, na siku hiyo nilikigeuza, ingawa nilichelewa.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo si kule kulikoungua."

"Si kule."

"Jioni ile nilikuuliza mara mbili."

"Uliuliza."

"Ungenitajia hilo jina tu. Hata usingeniambia kazi. Ule moto ningeusikia kwenye redio kama msiba wa watu wengine. Ningewahurumia, nizime redio, nilale. Mimi ningekungoja mpaka leo. Najua kungoja, wewe unanijua."

"Nakujua."

"Lakini mtu aliyekufa hangojwi."

Hakupandisha sauti. Nilimweleza walichosema wazee, nikamwambia akikataa sitamlaumu. Aliutazama mkono wake wa kulia kama ni wa mtu mwingine.

"Nitafikiri," akasema.

Mumewe alinisindikiza hadi kwenye lundo la mbao karibu na barabara. Alishika ubao mmoja, akaupangusa bure.

"Mzee, nikuulize kama mwanaume. Ukizikuliwa, ndoa yako nayo inazikuliwa?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Au niseme ukweli: nilikuwa nimelifikiria kila siku nikiwa kwenye kile chumba cha Kamakis. Hakuna talaka iliyowahi kuandikwa kati yetu. Nilioa mbele ya mchungaji, na marehemu aliyewapa ruhusa ya kuoana alikuwa amesimama hapo na chai tumboni. Wako watu walioninong'oneza: wewe fufuka kwanza, mengine yatajipanga. Na huyu mtu alikuwa akiniuliza wazi, macho kwa macho, akijua kwamba jibu langu linaweza kumvunjia nyumba.

"Hapana," nikasema. "Mimi tu ndiye nitakayetoka."

"Utasema hivyo mbele ya wazee?"

"Nitasema."

Aliniamini. Sijui kwa nini. Pengine ni kwa sababu nilichukua muda kujibu.

Walikuja Jumamosi, wote wawili, mke amevaa kitambaa cha kanisa kichwani, mume amebeba jembe kana kwamba wanakwenda kumsaidia jirani kulima. Mimi nilikuwa nje, kwenye kigoda. Mke alipita karibu yangu, akanisalimia, akaingia getini. Baba mdogo alikata majani machache ya chini ili apate nafasi. Mke wangu wa zamani alipiga magoti kwenye lile shina la migomba, akaingiza mkono wa kulia kwenye udongo, akatoa gao moja. Alikaa nalo kidogo. Kisha akaliweka pembeni, si kwa kulitupa, alilishusha tu.

Vijana wakachimba. Blanketi langu lilikuwa limekwisha, ila pindo moja jekundu lililoshikwa na mizizi. Wazee walitaka kung'oa migomba yote. Hapo binti yangu alisimama mbele yao akaweka mikono kiunoni.

"Hii imenilisha mimi na mtoto miaka yote ambayo baba hakuwepo. Kama imemtunzia baba nafasi yake, nasi tuitunze."

Walitazamana. Walikubali ing'olewe pale kaburini, na mche mmoja upandwe mahali pengine kwenye ploti, kama mgomba mtupu usiokuwa jina la mtu. Shimo likafukiwa tupu. Baba mdogo alichukua panga akakata ua upande wa mashariki, mwanya wa kupitisha mtu, kwa sababu getini nilikuwa nimetoka kama mtu mwingine. Kabla sijapita aliniinulia mkono.

"Unarudi. Unarudi na vyote vilivyokuwa vyako?"

Kila mtu alijua anauliza nini. Mume wa Kamenu alikuwa ameshika jembe kwa mikono miwili.

"Narudi kwa binti yangu na mjukuu wangu," nikasema. "Mama wa binti yangu ana nyumba yake. Sitamdai leo, sitamdai kesho, wala asidaiwe kwa niaba yangu nikishakufa kweli."

"Umesikika," baba mdogo alisema.

Nikapita. Miiba ilinichana shati, na kitoto kikanikimbilia kikapiga kelele, "Guka ameingia!" Mama jirani alipiga vigelegele vyake kutoka ng'ambo, akatangaza kwamba wali wa safari hii anapika mwingine.

Tulikunywa chai. Mke wangu wa zamani aliosha mkono wake kwenye bomba, akaufuta kwenye leso, akaja akasimama mbele yangu.

"Sasa kaa," akasema. "Usiende popote bila kusema."

"Sitakwenda."

Kisha akatoka getini na mumewe, polepole, kuelekea barabara ya Thika. Niliwatazama mpaka wakaifikia kona.

Nimekaa Theta tangu siku hiyo. Nimeongeza chumba kimoja, binti yangu anafuga kuku, mjukuu anaanza shule. Kila siku nikitoka, hata kama ni kwenda dukani kununua mkate, nasema nakwenda wapi, tena kwa sauti, mpaka watoto wa jirani wananiiga: "Nakwenda dukani mimi! Nakwenda dukani!" Ule mche umeshika. Mkungu wake wa kwanza tuliugawa mara tatu, fungu moja la mama jirani, moja letu, na moja nililipeleka mwenyewe Kamenu. Mume alinikaribisha bila kuuliza kama nani.

Watu huniuliza kama ule mji ulinidhuru. Mwili wangu uko sawa, beji haikuwahi kubadilika, na mshahara uliobaki ndio uliojenga hicho chumba. Hasara yangu haikutoka kwenye ule mji. Ilianza pale Kamakis, nilipokubali kutaja jina la nchi lisilo la kweli, na kwa jina hilo nilimpoteza mke wangu. Yuko hai, yuko Kamenu, ana amani, na si mke wangu tena.